Tambi katika Sufuria ya Maharage: Chakula cha Jioni cha Familia Wakati wa Mavuno ya Kahawa

Kila mwaka msimu wa kahawa unapofunguliwa, kwa kawaida katika mwezi wa Mei, nyumba nyingi za wanachama wa Karagwe na Kyerwa hubadili ratiba ya jikoni pasipo tangazo. Mama aliyeshinda kibanjani akichuma kahawa mbivu, kisha akaianika na kuigeuza, huingia jikoni jua limekwisha tua. Kumenya ndizi za watu wanane na kuzipika pamoja na maharage ni kazi ya saa mbili au zaidi. Hapo ndipo pakiti ya tambi iliyo katika rafu ya duka la Rubwera, Nkwenda au Kayanga inapoonekana kuwa mkombozi. Hupikwa kwa muda wa dakika kumi hivi, haimenywi, na watoto huishangilia.

Nyumba inayonunua tambi haistahili lawama. Lawama, ikiwa ipo, ni juu ya namna zinavyopikwa. Mara nyingi huchemshwa, maji yakamwagwa, zikatiwa mafuta na chumvi, au mafuta na sukari, na kupakuliwa hivyo hivyo. Sahani hujaa, mtoto hushiba upesi, na kabla ya kulala anaulizia kiazi. Mtoto alishwaye namna hiyo siku nne katika juma amepata chakula cha kutia nguvu. Cha kujenga mwili amekipata kidogo, na cha kuulinda mwili hakukipata kabisa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa, na miongoni mwa mikoa iliyoongoza kwa udumavu ni Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo husifiwa kwa wingi wa mavuno. Ghala lililojaa halimtoshi mtoto ikiwa sahani yake ina kitu kimoja tu.

Makala haya yanaeleza namna ya kupika tambi ziwe chakula kamili cha jioni, kwa kuzichanganya na vitu ambavyo nyumba ya mkulima wa kahawa tayari inavyo.

HESABU YA SUFURIA

Katibu aliyezoea kusoma mizani ataliona jambo hili kwa wepesi akilipanga kama hesabu. Tuseme nyumba ina watu wanane, wakubwa kwa wadogo. Ikiwa tambi zitaliwa peke yake, itapasa kununua kilo moja ili wote washibe. Kilo hiyo ina takriban gramu 120 za protini, yaani ile sehemu ya chakula inayojenga mwili. Ikiwa badala yake zitapikwa tambi nusu kilo pamoja na maharage makavu nusu kilo, tambi zitatoa kiasi cha gramu 60 na maharage kiasi cha gramu 110, jumla gramu 170. Fedha iliyotoka dukani ni nusu, na chakula cha kujenga mwili kimezidi kwa zaidi ya theluthi moja. Akiongeza gramu 100 za dagaa wakavu wa Ziwa Victoria, mpishi amepata gramu nyingine kama 60.

Kuna na faida ya pili isiyoonekana katika mizani. Protini ya ngano ina upungufu wa kiungo kimoja kiitwacho lisini, ambacho mwili wa mtoto hauwezi kujitengenezea. Maharage yana kiungo hicho kwa wingi, ila yamepungukiwa na kingine ambacho ngano inacho. Vikiliwa pamoja, kila kimoja hufidia pengo la mwenzake, na ubora wa chakula chote hukaribia ule wa nyama.

Nusu kilo ya tambi yaweza kuonekana kitu kidogo cha kuandikiwa makala. Lakini ni vema kukumbuka miezi inayotangulia mavuno, Februari, Machi na Aprili, ambapo fedha ya msimu uliopita imekwisha na kahawa ingali mbichi mtini. Mwanachama mwenye daftari refu la madeni dukani ndiye anayesogezwa karibu na mlango wa butura, yaani kuiuza kahawa ikiwa bado maua au punje mbichi, kwa bei ya chini sana, kwa mtu atakayekuja kuivuna baadaye. Biashara hiyo imepigwa marufuku na Serikali, lakini hufanyika gizani kwa sababu shida haisomi matangazo. Si haki kusema kwamba butura huanzia jikoni. Karo, ugonjwa na misiba huchangia zaidi. Hata hivyo deni la vyakula ni deni linalokua kidogo kidogo kila jioni, na ni moja kati ya machache ambayo nyumba yenyewe inaweza kuyapunguza kwa uamuzi wake.

Ipo pia habari ya nani anatoa nini. Katika nyumba nyingi za huku kahawa huhesabiwa kuwa zao la baba, na maharage kuwa zao la mama. Pakiti hutoka upande mmoja, mchuzi hutoka upande wa pili. Baba akiongeza miche ya kahawa hadi ikamaliza nafasi ya maharage chini ya migomba, baadaye atayanunua maharage hayo hayo sokoni kwa fedha ya kahawa. Kibanja cha zamani, chenye migomba, kahawa na maharage katika ardhi moja, kilikuwa na akili yake. Tangu mnyauko wa migomba ulipothibitishwa katika Mkoa wa Kagera mwaka 2006, wako waliong'oa migomba iliyougua na kukosa ndizi kwa misimu kadhaa. Kwao swali la chakula gani kisimame mahali pa ndizi si la anasa.

MCHANGANYIKO SI JAMBO JIPYA

Wapo wazee watakaosema kuwa tambi na maharage si chakula cha Wanyambo. Neno lao ni la kweli, lakini yafaa liendelezwe. Ndizi, ambazo leo ni roho ya kibanja, asili yake ni Asia ya Kusini Mashariki. Maharage yalitoka Amerika, yakafika Afrika kwa njia ya Wareno tangu karne ya 16. Nyanya nazo ni za huko huko Amerika. Kwa hiyo ebitoke na maharage, mlo ambao hakuna anayeutilia shaka, ni ndoa ya mabara mawili iliyofungwa katika udongo wa Karagwe. Katika vyote vilivyotajwa, kitu ambacho asili yake ni ya ukanda huu wa Afrika ni kahawa yenyewe ya robusta, iliyotafunwa hapa kabla ya mzungu yeyote kuipima kwa kilo.

Tambi zenyewe zimesafiri sana. Mwaka 1154 mwanajiografia Mwarabu Al-Idrisi aliandika habari za mji wa Trabia katika kisiwa cha Sicily, ambako nyuzi za unga wa ngano zilitengenezwa kwa wingi na kupelekwa kwa meli katika nchi za Waislamu na za Wakristo. Katika pwani yetu na Unguja, tambi hupikwa kwa sukari, nazi na iliki, hasa jioni za Ramadhani. Huko Somalia, kusini, ambako Waitalia walitawala hadi mwaka 1941 na kurudi kama wadhamini kati ya mwaka 1950 na 1960, tambi zimekuwa chakula cha kila siku. Wasomali walizitia mchuzi wa nyama wenye bizari zao wenyewe, na wakaweka pembeni ya sahani ndizi mbivu, ambayo huliwa pamoja na tambi tonge kwa tonge. Mtu wa Kyerwa akionja hana sababu ya kushangaa.

NAMNA YA KUPIKA

Kwa watu wanane zinahitajika tambi nusu kilo, maharage makavu nusu kilo, ambayo ni kama vikombe viwili na nusu vya chai, nyanya mbivu nane za wastani, vitunguu maji viwili na punje tatu za kitunguu saumu, kipande cha boga cha nusu kilo hivi, mafungu mawili ya mchicha, mnavu au majani ya maboga, vijiko vinne vikubwa vya mafuta ya alizeti, chumvi, na limau moja. Karoti na pilipili hoho zikiwapo ni vizuri, zisipokuwapo chakula hakiharibiki. Nyumba yenye ng'ombe inaweza kutumia samli mahali pa nusu ya mafuta, na harufu yake itawaita walio uani.

Maharage yalowekwe tangu usiku uliotangulia, au asubuhi kabla ya kwenda kibanjani. Maji ya kulowekea yamwagwe. Yachemshwe katika maji mapya kwa moto mkali, yatokote barabara kwa dakika zisizopungua kumi, kwa kuwa maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko wa nguvu na isiyoharibiwa na joto la uvuguvugu. Kisha moto upunguzwe hadi yaive. Maharage yaliyolowekwa huiva kwa muda mfupi zaidi na kula kuni chache, na ndilo jambo linalofanya chakula hiki kiwezekane jioni ya mavuno: yaweza kupikwa asubuhi au usiku uliotangulia, yakasubiri. Nyanya na limau visitiwe ndani yake kabla hayajaiva. Uchachu huyafanya magumu, na mpishi atalaumu mbegu bure.

Jioni, vitunguu vikaangwe polepole katika mafuta mpaka vianze kubadilika rangi, kitunguu saumu kifuate, kisha nyanya zilizokatwakatwa. Hapa wengi hufanya haraka. Nyanya ziachwe zirojeke kabisa hadi mafuta yaanze kujitenga pembeni, kwa dakika kama kumi na tano. Mchuzi wa nyanya mbichi nusu huwa mchachu na hudai sukari, wakati mchuzi uliokaangika hudai chumvi tu. Boga lililokatwa vipande vidogo litiwe wakati huo pamoja na kikombe cha supu ya maharage. Likiiva litapondeka na kuufanya mchuzi mzito wenye rangi ya dhahabu, na litampa mtoto chimbuko la vitamini A, ambayo mwili huipokea vyema zaidi ikiwapo mafuta. Maharage yatiwe, theluthi yake ipondwe kwa mwiko dhidi ya ukuta wa sufuria. Mboga za majani zitiwe mwisho, dakika chache kabla ya kuepua, zibaki na ukijani wake.

Sasa tambi. Maji lita tatu yanatosha kwa nusu kilo, pamoja na kijiko kikubwa kimoja cha chumvi kisichojaa. Maji yatokote kwanza ndipo tambi ziingie. Zikiingia katika maji ya vuguvugu hugandamana na kuwa kama ugali ulioshindikana. Kwa ajili ya watoto wadogo zivunjwe vipande vitatu. Mtaliano angekasirika, lakini hayupo mezani. Zikorogwe kwa dakika mbili za mwanzo, kwani ni wakati huo ambapo hushikana.

Kuhusu muda, pakiti isiaminiwe kabisa. Dakika zilizoandikwa juu yake hupimwa mahali ambapo maji hutokota kwa nyuzi 100 za Selsiasi, kama Dar es Salaam iliyo karibu na usawa wa bahari. Nyanda za Karagwe na Kyerwa ziko juu, sehemu nyingi zikikaribia au kupita meta 1,500, na huku maji hutokota kwa nyuzi 95 hivi. Moto ukiongezwa namna gani, joto la maji halipandi zaidi ya hapo. Kwa hiyo tambi zilizoandikiwa dakika nane zitahitaji tisa au kumi, na maharage vivyo hivyo hukawia kuliko ya pwani. Kipimo cha hakika ni meno: tambi iliyoiva hukatika kwa ulaini, lakini katikati ina ushupavu kidogo.

Aliye na uhaba wa kuni anaweza kuzichemsha tambi kwa dakika mbili, akazikoroga vizuri, akafunika sufuria kwa kifuniko kinachobana, na kuiondoa motoni. Zitaiva kwa joto lililobaki, zikiachwa kwa muda unaozidi kidogo ule wa pakiti, nao moto utakuwa umehamia kwenye mchuzi. Wapishi wengi hawaliamini jambo hili mpaka walijaribu.

Kabla ya kuchuja, kikombe kimoja cha maji ya tambi kiwekwe pembeni. Maji hayo meupe yana wanga, na yakiongezwa katika mchuzi huufanya ushikamane na tambi badala ya kuteleza chini ya sahani. Tambi zisisuuzwe kwa maji baridi. Zitiwe ndani ya sufuria ya mchuzi, si mchuzi kumiminwa juu yake, na vyote vikae pamoja motoni kwa dakika mbili. Hii ndiyo tofauti kati ya tambi zenye mchuzi na mlo mmoja. Limau likamuliwe juu yake baada ya kuepua. Vitamini C iliyomo katika limau na nyanya husaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyo katika maharage na majani.

Waitalia humalizia kwa kunyunyiza jibini kavu, kitu cha ghali na kigumu kupatikana. Huku kuna kilicho bora. Msimu wa senene ukiwadia, kuelekea mwisho wa mwaka, senene waliokaangwa wakakauka wakitawanywa juu ya tambi huleta chumvi, mafuta na mlio wa meno ambao jibini haliwezi. Wasipokuwapo, karanga zilizokaangwa na kutwangwa zitafaa, mradi zichambuliwe, na zenye ukungu au zilizosinyaa zitupwe. Hizo zina sumu ya kuvu isiyoondoka kwa kukaanga.

Dagaa, kwa nyumba inayowapenda, waoshwe kwa maji moto, wakaangwe pembeni, kisha watiwe katika mchuzi kabla ya mboga za majani. Aliye na ndizi mbichi chache zisizotosha mlo wa peke yake azikate vipande vidogo na kuzipika ndani ya mchuzi. Robo kilo ya tambi itamtosha mahali pa nusu. Na ndizi mbivu ya pembeni kwa mtindo wa Kisomali iwekwe kwa kila mtoto.

TAMBI ZA NYUMBANI

Nyumba inayopika chapati inaweza kutengeneza tambi zake yenyewe. Unga wa ngano gramu 400 ukandwe kwa mayai manne na chumvi kidogo, bila ya maji, mpaka donge liwe gumu kuliko la chapati na laini kwa kugusa. Lifunikwe kwa nusu saa. Lisukumwe liwe jembamba sana, linyunyiziwe unga, likunjwe kama mkeka, na kukatwa kwa kisu kikali kuwa nyuzi. Hizi huiva kwa dakika tatu au nne tu. Hutosha watu watano, nazo zina faida ya yai. Unga wa muhogo au wa mahindi haufai kwa kazi hii peke yake, kwa kuwa hauna ule unato wa ngano unaoshika donge; tambi zake hukatikia majini. Yafaa pia kutazama mfuko wa unga: kanuni za mwaka 2011 ziliwataka wasindikaji wakubwa nchini kuuongezea unga wa ngano madini ya chuma, zinki na vitamini, na mfuko uliotimiza sharti hilo hubeba alama yake.

WATOTO, NA KIKOMBE CHA KAHAWA

Mtoto aliyetimiza miezi sita apewe chakula hiki kikiwa kimepondwa, kitolewe pembeni kabla ya chumvi na pilipili, huku akiendelea kunyonya. Karanga nzima asipewe mtoto mdogo, maana humkaba.

Jambo moja ni gumu kulisema katika taarifa ya wakulima wa kahawa. Kahawa na chai, zikinywewa pamoja na chakula, huzuia sehemu kubwa ya madini ya chuma yasipokelewe na mwili. Watoto, wasichana na akina mama wajawazito wanaokula maharage na kuyasindikiza kwa chai ya rangi hupoteza nusu ya faida waliyoipika. Kahawa inyweke, na iendelee kunyweka, ila na watu wazima, na saa moja au zaidi baada ya mlo.

KAZI YA CHAMA

Mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai iliwakusanya wananchi katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili yale yaliyosemwa, kama Mtu ni Afya ilivyofanya mwaka 1973. Kilichozipa kampeni hizo nguvu ni kwamba kikundi kilitoka katika mjadala kikaenda kutenda. Chama cha msingi kina nafasi kama hiyo bila ya redio. Siku ya mkutano wa wanachama, ambapo chakula hupikwa kwa vyovyote vile, kamati inaweza kuagiza sufuria mbili: moja ya tambi tupu kilo moja, nyingine ya tambi nusu kilo na maharage. Bei ya kila kilichonunuliwa iandikwe ubaoni mbele ya wote, na kilichotoka kibanjani kitajwe kwa bei ya soko la siku hiyo, ili pasiwe na udanganyifu wa kuita bure kitu kilicholimwa na mtu. Wanaume wapike sufuria ya pili. Mwanamume aliyekoroga maharage mbele ya mkutano hapati taabu baadaye kuelewa kwa nini mkewe anaomba mistari miwili ya kibanja isipandwe miche mipya.

Chakula kikibaki, mchuzi na tambi vitengwe ikiwezekana, vifunikwe na kuwekwa mahali pa ubaridi, na asubuhi vichemshwe hadi vitokote. Tambi zilizolala zikikaangwa na yai moja au mawili na kitunguu humtosha mtoto anayekwenda shule, naye mama huondoka kwenda kuchuma kahawa kabla umande haujakauka.